Somo: Kuomba Ruhusa ya Mgonjwa

Ndugu msomaji, wewe unayesaidia wagonjwa, shika neno hili: usimpe mtu dawa inayojaribiwa, wala usitwae damu yake kwa utafiti, kabla hujamwomba ruhusa. Mgonjwa ni mtu, si chombo cha kujaribia dawa.

1. Ubaya wa kuficha

Huko Tuskegee, Marekani, mwaka wa 1932, waganga wa serikali walianza kuchunguza wanaume weusi 600. Katika hao, 399 walikuwa na kaswende. Waliambiwa kwamba wanatibiwa "damu mbaya", kumbe waganga walitazama tu jinsi ugonjwa unavyowaharibu. Karibu mwaka wa 1947 penisilini ilikuwa imejulikana kuwa dawa ya kaswende, lakini hawakupewa. Jambo hilo lilikomeshwa mwaka wa 1972, baada ya magazeti kulitangaza. Wengine walikuwa wamekwisha kufa, na wake wengine wamekwisha kuambukizwa.

2. Njia iliyo njema

Sasa tutazame Kongo yetu. Ebola ilipokuwa katika Kivu ya Kaskazini, waganga walianza kujaribu dawa nne huko Beni, Novemba 2018. Profesa Jean-Jacques Muyembe alikuwa mmoja wa viongozi wao. Hakuna aliyejua dawa ipi inashinda nyingine, kwa hiyo kila mgonjwa alipigiwa kura ya dawa yake. Lakini kwanza yeye, au jamaa yake, alielezwa na kukubali.

Agosti 2019 jibu lilionekana. Katika kila wagonjwa 100 waliopewa ZMapp, karibu 50 walikufa. Waliopewa mAb114, karibu 35. Na mwanzo wa mAb114 ulitoka katika damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka wa 1995. Basi utafiti si adui. Adui ni udanganyifu.

3. Ufanye hivi

a) Sema polepole, kwa lugha anayoifahamu.
b) Mwambie kweli: tunayoyajua, tusiyoyajua, na maumivu yanayoweza kumpata.
c) Mwambie kwamba aweza kukataa, na akikataa utamtunza vilevile.
d) Mpe nafasi ya kushauriana na jamaa. Lakini mtu mzima mwenye akili zake, neno la mwisho ni lake, si la mume wala la mkubwa wa ukoo. Kwa mtoto, uliza mzazi.
e) Damu iliyotolewa kwa kazi moja isitumiwe kwa nyingine bila kumwuliza.

Kidole kilichotiwa wino juu ya karatasi si ruhusa, kama mwenye kidole hakufahamu. Mwambie: "Mama, nielezee kwa maneno yako tutakayofanya." Akishindwa, kosa si lake, eleza tena.

Maulizo

1. Watu wa Tuskegee walifichwa nini?
2. Mgonjwa akikataa dawa inayojaribiwa, utamtendea namna gani?