Uza Ujuzi wa Kibanja kwa Simu

Mnunuzi wako wa kwanza hakai hapa Miembeni, Bukoba. Anakaa Tegeta jijini Dar es Salaam, au Mwanza, au Nairobi. Ana kibanja, yaani shamba la migomba, alichoachiwa na baba yake huko Kamachumu au Nshamba, na kila mwisho wa mwezi anamtumia kijana wa shamba pesa asijue zimefanya kazi gani. Huyo ndiye wa kumwandikia. Jirani yako hapa Bukoba mjini akitaka kujua habari za migomba atakuuliza mkikutana njiani, nawe utamjibu bure, na ndivyo inavyopasa. Anayelipa ni yule ambaye umbali umemnyima jirani wa kumuuliza.

Wengi wanaoingia katika biashara ya kuuza maarifa mtandaoni huanza na kitabu kizito: "Kilimo Bora cha Migomba", kurasa mia, sura ya kwanza ndizi duniani. Hakiuziki. Mtu hutoa pesa kwa ajili ya swali moja linalomnyima usingizi. Chukua ugonjwa wa mnyauko bakteria wa migomba, ambao uliripotiwa Muleba mwaka 2006 na tangu hapo umeshafyeka vibanja vingi Kagera. Mwenye shamba aliyeko Tegeta hana haja ya kujua jina la kisayansi la bakteria. Anataka karatasi ya kumwelekeza kijana: ua dume liondolewe kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, mara chane ya mwisho inapojitokeza; panga lipitishwe motoni au lioshwe kwa jiki kabla ya kugusa shina jingine; shina lenye dalili likatwe usawa wa ardhi mapema; machipukizi yasichukuliwe kwenye shamba lenye ugonjwa. Kisha anataka kujua adai picha gani, na kila baada ya muda gani, ili asidanganywe.

Utasema hayo maafisa ugani na watafiti wa kilimo wa TARI Maruku wanayatoa bila malipo. Ni kweli, na usijifanye umeyagundua wewe. Unachouza ni mpangilio: kalenda ya kazi inayofuata mvua zetu mbili za mwaka, orodha ya ukaguzi ya ukurasa mmoja, picha ulizopiga mwenyewe kibanjani, na sauti ya Kihaya ya dakika tatu ambayo mwenye shamba ataisukuma moja kwa moja kwenye simu ya kijana. Nikiambiwa nichague kimoja, nachagua sauti. Kijana anaweza asisome PDF hata siku moja, lakini sauti ataisikiliza akiwa amebeba mkungu.

Sauti hizo zina soko jingine ambalo wengi wanalipita tu. Wapo wazazi wa Kihaya Dar es Salaam na Ulaya ambao watoto wao hawajui hata kumsalimia bibi. Mafunzo mafupi ya salamu na mazungumzo ya nyumbani, yakitangazwa Novemba kabla ya likizo ya Desemba, yatanunuliwa na watu ambao hawajawahi kushika jembe. Kusafisha na kukaanga senene, kukausha vanila, notsi za mwalimu mzoefu: vyote vinafungashika kwa njia hiyohiyo.

Sasa ufungashaji wenyewe. Usitengeneze ukurasa wa A4. Ukifunguliwa kwenye simu, msomaji atakuwa akivuta maandishi huku na huku mpaka achoke. Tengeneza ukurasa mwembamba wa kusimama, herufi kubwa, wazo moja kila ukurasa. Faili likizidi megabaiti tano, punguza ukubwa wa picha, kwa sababu bando ni pesa ya mteja. Kata sauti vipandevipande vya dakika mbili tatu, kila kimoja na namba na jina lake. Halafu azima simu ya bei nafuu, toka nayo juani, ujaribu kusoma. Kisichosomeka hapo hakiko tayari kuuzwa.

Bei? Anza na shilingi 3,000 hadi 5,000 kwa karatasi na sauti. Pesa nzuri zaidi iko kwenye hatua inayofuata: mwezi mmoja wa kukagua picha anazotumiwa mteja na kumjibu maswali yake. Hapo unauza muda wako, kwa hiyo usione aibu kutaja 30,000 au zaidi.

Duka lako ni WhatsApp ya biashara, yenye katalogi na majibu ya haraka. Orodha ya matangazo inabeba watu 256, ila ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba yako, kwa hiyo mwombe kila mteja aihifadhi. Usiwarundike wanunuzi kwenye grupu bila kuwauliza; namba zao zitaonekana na wote, na tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa wateja wa Ulaya wanaolipa kwa kadi, jukwaa kama Selar linasaidia, ingawa linakata kamisheni yake.

Kwa wa hapa nchini, chukua lipa namba. Atakuja mtu na "Waitu, nimeshatuma", akuonyeshe na picha ya meseji ya muamala. Meseji inaghushiwa. Tazama salio lako kwanza, ndipo utume faili.

Nalo faili litasambazwa. Weka jina la mnunuzi chini ya kila ukurasa, wengi wataona haya kulirusha, na waliobaki waache. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inakulinda wewe, lakini inamlinda pia yule ambaye ungependa kunakili kitabu chake.

Kuna kitu kimoja nisingeuza kabisa, nacho ni tiba. Homa ya Marburg ilipotangazwa Machi 2023 wilayani Bukoba, watu walihitaji maelezo ya Wizara ya Afya, tena haraka na bure. Taarifa ya namna hiyo ukiipata, isambaze kama ilivyo, bila bei na bila nembo yako.

Mwisho wa kila msimu wa mvua, pitia maswali uliyotumiwa. Lililojirudia mara nyingi ndilo la bidhaa inayofuata. Yale madogo yaingize kwenye toleo jipya, andika tarehe kwenye jalada, na uwatumie wanunuzi wa zamani bila kuwadai tena. Wao ndio watakaolitangaza toleo hilo kwenye grupu la ukoo.