Jeli za kupaka vidonda: Zafaa lini, na lini ukimbilie daktari?

Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa kwamba jeraha sharti liachwe wazi lipigwe na upepo hadi likauke na kufanya kigaga. Mtoto akianguka na kuchubuka goti, mama humpaka spiriti, akampuliza, kisha akamkataza kulifunika. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini wanasayansi wameupinga kwa miaka mingi.

Mnamo 1962, mtafiti wa Uingereza aitwaye George Winter alichapisha matokeo ya uchunguzi aliowafanyia nguruwe. Majeraha mengine aliyaacha wazi na mengine akayafunika kwa plastiki nyembamba. Yale yaliyofunikwa yaliota ngozi mpya kwa kasi ya karibu mara mbili.

Sababu yake ni rahisi kuelewa. Ngozi mpya huanzia kandokando ya jeraha, na chembe zake hutambaa kuelekea katikati. Penye unyevu hupita bila shida. Jeraha likikauka, chembe hizo hulazimika kujichimbia njia chini ya kigaga. Ndiyo maana siku hizi wauguzi hutumia dawa za kupaka zinazohifadhi unyevu, zikiwemo jeli.

Jeli hufanya kazi gani?

Jeli ya vidonda inayotumiwa sana hospitalini huwa ni maji kwa sehemu kubwa, yaliyoshikamanishwa yakawa mazito kama ute wa yai. Ikipakwa juu ya kidonda kikavu, hukipa unyevu, hupunguza uchungu na hulainisha nyama iliyokufa ili mwili uiondoe wenyewe polepole.

Lakini jeli ya kawaida ya aina hii haiui viini vya maradhi. Haiwezi kuchukua mahali pa kuosha kidonda, wala haitaponya kidonda chenye usaha. Pia haifai kidonda kinachotoa majimaji mengi. Ukikiongezea maji, ngozi ya kando huloa, hugeuka nyeupe na kuanza kubanduka, na kidonda kikapanuka badala ya kufunga.

Kwa mchubuko mdogo nyumbani, si lazima ununue dawa ya bei ghali. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato hutosha kuzuia ukavu, mradi kopo liwe safi na lisiwe lile linalochotwa kwa vidole na jamaa nzima.

Asali nayo imechunguzwa na kuonekana kusaidia majeraha ya moto yasiyo ya kina kirefu. Hata hivyo, inayotumiwa hospitalini husafishwa kwa mitambo maalumu ili kuua viini. Asali ya chupa kutoka sokoni yaweza kuwa na viini au kuchanganywa na sukari, kwa hiyo usiitie kwenye kidonda.

Ukiungua

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Mtoto amemwagikiwa na chai moto, na kila jirani ana dawa yake: dawa ya meno, yai, unga wa ngano, hata mafuta ya taa. Vyote hivi huzuia joto lisitoke, au huingiza uchafu, na daktari hulazimika kuvikwangua kabla ya kuanza tiba.

Dawa ya kwanza ni maji baridi ya mfereji, yatiririke juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20. Usitumie barafu. Vua pete na bangili kabla ya uvimbe, na usipasue malengelenge. Jeli au dawa nyingine ya kupaka hufuata baadaye.

Mpeleke hospitalini aliyeungua uso, mikono, nyayo, sehemu za siri au viungo, aliyechomwa na umeme au asidi, au aliyeungua eneo linalozidi kiganja chake mwenyewe. Mtoto mchanga apelekwe hata kama sehemu iliyoungua ni ndogo.

Tahadhari kwa wenye kisukari

Kisukari kinaweza kuua hisia za miguu. Mtu hukanyaga msumari asubuhi na kuugundua jioni anapovua kiatu. Damu nayo huenda isifike vizuri miguuni, na kidonda kidogo hugeuka donda ndugu linaloweza kumfanya akatwe mguu.

Mwaka 1997, Marekani iliidhinisha jeli iitwayo becaplermin kwa vidonda vya namna hii. Ina kemikali inayofanana na ile ambayo mwili hutumia kuziamsha chembe zijenge nyama mpya. Katika uchunguzi mmoja mkubwa, vidonda vya asilimia 50 ya waliopakwa jeli hiyo vilifunga kabisa katika muda wa wiki 20, ikilinganishwa na asilimia 35 ya waliopakwa jeli isiyo na dawa.

Tazama hesabu hiyo vizuri. Hata kwa dawa hiyo, nusu ya wagonjwa hawakupona katika muda huo. Mwenye kisukari lazima pia adhibiti sukari, aondoe uzito kwenye mguu wenye kidonda, na aondolewe nyama iliyokufa na mhudumu aliyefunzwa. Kila jioni, akague nyayo zake na katikati ya vidole. Akiona kidonda, hata kisipouma, aende kliniki bila kukawia.

Namna ya kupaka

Nawa mikono kwa sabuni. Osha jeraha kwa maji safi yanayotiririka hadi mchanga wote utoke. Spiriti huchoma chembe changa, kwa hiyo iache. Usinyunyizie unga wa kapsuli za antibiotiki. Paka jeli kiasi, bila kugusa jeraha kwa mdomo wa chupa, kisha ufunike kwa shashi safi na bendeji isiyobana. Badilisha kila ilowapo au ichafukapo.

Mwone daktari ukiona wekundu unaoenea, joto, usaha, harufu mbaya au homa, au ikiwa wiki 2 zimepita bila nafuu. Jeraha likiwa la kina au limeingia udongo au kutu, ulizia sindano ya pepopunda, hasa ikiwa imepita miaka 5 tangu uchanjwe.

Jeli husaidia mwili kujiponya, lakini haifichui ugonjwa uliojificha chini ya kidonda. Usipoziba ufa utajenga ukuta.