Prednisolone ya Siku Tano

Mtu mzima aliyebanwa na pumu akatibiwa Muhimbili, pale Upanga, huenda akaandikiwa prednisolone siku 5: miligramu 40 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 5. Wingi huo huwatisha wengi, wakajipunguzia. Usipunguze. Meza vyote kwa pamoja asubuhi, baada ya kula. Ukimeza jioni usingizi hupotea. Mwenye kisukari apime sukari, maana hupanda. Usichanganye na diklofenaki; tumbo laweza kutoka damu.

Hatari kubwa ni kurudia. Mtu huona nafuu, kisha hununua tena na tena duka la dawa Kariakoo. Zikipita wiki 3, mwili waweza kuacha kujitengenezea homoni yake, na kukatisha dawa ghafla kwaweza kuua. Aliyefika hapo apunguziwe polepole na daktari.