Maji Twahara Si Lazima Yawe Salama Kunywa

Mwezi Januari 2014 mafuriko yaliikumba Magole na jirani yake Dumila, wilayani Kilosa. Nyumba zilizingirwa na maji, familia zikakosa makazi, na barabara kuu ya Morogoro–Dodoma ikakatika pale Dumila. Wengi tuliziona picha tukahuzunika. Lakini yapo madhara ambayo picha haiyaonyeshi. Mafuriko yanapopita kijijini hufukua vyoo vya shimo, hubeba kinyesi cha watu na mifugo, kisha huingia visimani. Mto ukisharudi katika mkondo wake, uchafu ule hubaki kisimani.

Hapa ndipo tunapohitaji darasa. Madrasa tulifundishwa kuwa maji mengi yakiingiwa na najisi, hutazamwa rangi, tamu na harufu. Visipobadilika, maji ni twahara na udhu unasihi. Hiyo ni hukumu ya ibada, na ni sahihi mahali pake. Lakini vijidudu vya kipindupindu havina rangi wala harufu. Maji maangavu kabisa yanaweza kuua. Anayetumia hukumu ya udhu kuamulia maji ya kunywa anachanganya masomo mawili.

Vinavyochafua maji, kwa ufupi, ni makundi mawili. La kwanza ni vijidudu vitokanavyo na kinyesi, viletavyo kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu. Hivi hufa maji yakichemka na kutokota walau dakika moja, au yakitiwa dawa ya klorini kwa kipimo chake na kuachwa nusu saa. Maji ya tope yachujwe kwanza, kwani tope huimaliza nguvu klorini. Na sisi wa mjini tusijidanganye na bomba. Maji hutoka mtamboni yakiwa na dawa, lakini mgao ukikatika, bomba lililotoboka kando ya mtaro hufyonza maji machafu.

Kundi la pili ni kemikali. Madini ya floraidi yakizidi huharibu meno na mifupa, kama ionekanavyo sehemu za Arusha na Kilimanjaro. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita. Iko pia naitreti, itokayo vyooni na kwenye mbolea, ambayo ni hatari kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo. Hizi hazitoki kwa kuchemsha. Maji yakipungua kwa mvuke, zenyewe huzidi kukolea.

Sasa tujiulize. Waislamu wa mijini tunapenda kuchangia visima vijijini, tukifuata nyayo za Sayyidna Uthman (r.a.) aliyekinunua kisima cha Ruma akawaachia watu. Ni jambo jema mno. Lakini kibao kikishawekwa na dua ikishasomwa, nani amepima maji yale?

Kwa hiyo kabla hujatoa mchango wako, uliza mambo manne. Je, sampuli imepelekwa maabara ya maji, ikapimwa vijidudu na kemikali? Je, choo kilicho karibu kiko mbali kiasi gani? Kisiwe chini ya mita 30, wala kisiwe upande wa juu wa mteremko. Je, mdomo wa kisima umeinuliwa kwa zege na kufunikwa, ili mafuriko yasiingie? Na nani atagharimia kupima tena baada ya kila mvua kubwa? Kisima kikabidhiwe kwa jumuiya ya watumia maji, na Wakala wa Maji Vijijini, RUWASA, ulioanzishwa 2019, upewe taarifa zake.

Mtume (s.a.w.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na aliamrisha vyombo vifunikwe. Dini iliyojali ndoo moja ya nyumbani haiwezi kuridhika na kisima cha kijiji kizima kisichopimwa. Sadaka inayoendelea ni ile ambayo manufaa yake yanaendelea. Tusiache nyuma yetu maradhi yanayoendelea.