SOMO: MKATABA WA MCHEZAJI WA KULIPWA



Juzi tulikuwa Mikumi. Jioni tukaenda uwanjani kutazama vijana wakicheza mpira. Winga wao wa kushoto ana miaka 17. Mwaka jana aliteguka goti akakaa nje miezi saba, wakati huo akiuza mahindi ya kuchoma stendi. Sasa amepona, na jamani, anakimbia kweli kweli!

Mchezo ulipokwisha alituonyesha karatasi. Aliletewa na mtu aliyejiita wakala. Imeandikwa kwa Kiingereza. Kijana anatakiwa atie sahihi na atoe shilingi 800,000 za safari, halafu atapelekwa Ulaya. Baba yake, aliyeko Kilosa, ameshapata mtu wa kununua eka yake moja.

Basi tukaketi naye chini, tukaisoma yote.

Kwanza, mchezaji wa kulipwa ni nani? Kwa kanuni za FIFA, chama kinachosimamia mpira duniani, ni yule mwenye mkataba wa maandishi na klabu, na anayelipwa zaidi ya gharama zake za kucheza. Wengine ni wa ridhaa, hata wakipewa nauli na soda. Mkataba ni wa mchezaji na klabu. Karatasi ile haikutaja klabu hata moja! Ilikuwa na jina la wakala na namba ya simu tu.

Pili ni umri. FIFA hairuhusu mchezaji ahamie klabu ya nchi nyingine kabla hajatimiza miaka 18. Ziko ruhusa chache, kwa mfano wazazi wakihamia huko kwa sababu isiyohusu mpira. Lakini mzee wetu yupo Kilosa, anapalilia. Tena mchezaji wa chini ya miaka 18 hafungwi mkataba unaozidi miaka mitatu. Karatasi ilisema kumi.

Kijana akasema, "Mbona Samatta alikwenda?"

Alikwenda, ndiyo, lakini kwa hatua. Mbwana Samatta alichezea Simba, na mwaka 2011, akiwa na miaka 18, akanunuliwa na TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo. Alikaa huko zaidi ya miaka minne. Mwaka 2015 Mazembe wakawa mabingwa wa Afrika. Januari 2016 akaenda Genk, Ubelgiji, na Januari 2020 Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Mechi yake ya kwanza ya ligi alifunga goli. Hata hivyo, Septemba mwaka huo huo alipelekwa Fenerbahçe ya Uturuki. Kila hatua kulikuwa na klabu inayojulikana, na klabu ndiyo iliyotoa hela, siyo mzazi wake.

Na siyo lazima kuanzia mbali. Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari huko Turiani, mkoani kwetu Morogoro, ilikuwa bingwa wa Tanzania mwaka 1999 na 2000.

Kijana hakutia sahihi. Alimpigia baba yake simu, nasi tukamsomea mzee yale ya klabu na ya umri. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa yule mnunuzi nimwambieje?"

Zoezi la darasa:
1. Karatasi ile ilikosa nini?
2. Mwandikieni yule mzee barua fupi ya kumjibu mnunuzi wa shamba.