Dijoksini Nyumbani: Hadhari kwa Wanaomuuguza Mgonjwa wa Moyo

Mwaka 1785 tabibu Mwingereza, William Withering, alitoa kitabu juu ya mmea wenye maua ya zambarau ambao majani yake yaliondoa uvimbe wa maji kwa wagonjwa waliokwisha kukatiwa tamaa; walakini katika kitabu kile kile aliandika, kwa insafu, kwamba dawa ikizidi hutapisha, huyafanya macho yaone vitu kuwa vya kijani au manjano, na huyashusha mapigo ya moyo hata yakafika 35 kwa dakika, na mwisho wake ni mauti.

Dijoksini, kidonge kitulizacho moyo uendao mbio pasipo mpango, hutokana na mmea wa ukoo huo, na hadhari ile ingalipo. Kidonge kimoja aghalabu huwa na robo ya miligramu au chini yake, na baina ya kadiri ifaayo na kadiri idhuruyo pana nafasi finyu mno. Tena, kwa kuwa figo ndizo ziitoazo mwilini, na hata figo zenye afya huchukua siku moja na nusu au mbili kuitoa nusu yake tu, mzee ambaye figo zake zimedhoofu, au aliyeishiwa maji kwa kuharisha, aweza kujaa sumu kidogo kidogo ilhali hajazidisha hata kidonge kimoja. Dawa za kukojoza, kama furosemaidi, hupunguza potasiamu, na potasiamu ikipungua sumu hiyo huuelemea moyo zaidi. Nazo verapamili na amiodaroni huiongeza dijoksini katika damu. Kwa hiyo kila tabibu mpya aonyeshwe dawa zote, na aliyesahau kidonge cha jana asimeze viwili leo.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba sumu hii aghalabu huanzia tumboni: mgonjwa hukinai chakula, hutapika, hulegea, huchanganyikiwa, na jamaa zake, kwa mapenzi yao, hudhani ni malaria au chakula kilichoharibika, wakaendelea kumpa kidonge kile kile kila asubuhi. Mgonjwa wa namna hiyo na aonwe na tabibu siku ile ile, kabla ya kumeza kidonge kingine.

Na mtoto akikutwa na vidonge vya bibi yake kinywani, msingoje augue, maana madhara yaweza kuchelewa saa kadhaa. Msimtapishe kwa maji ya chumvi wala msimnyweshe maziwa, bali mpelekeni hospitali upesi, mkichukua pakiti yenyewe na vidonge vilivyosalia, vipate kuhesabiwa.