Kiharusi: Je, sumaku inaweza kuuamsha mkono uliopooza?

Jamaa yako akipatwa na kiharusi, baada ya siku za kwanza za wasiwasi hospitalini huja swali zito: Je, mkono huu uliolala utainuka tena? Ukiulizauliza utasikia habari za mtambo wa sumaku unaoamsha ubongo bila upasuaji. Kabla hujauza shamba ili umpeleke ng'ambo, ni vyema ufahamu mtambo huo hufanya nini hasa.

Kiharusi hutokea damu inapokosa kufika sehemu fulani ya ubongo kwa sababu mshipa umeziba, au mshipa unapopasuka na damu kuvuja. Seli za sehemu hiyo hufa. Mkono wenyewe hauna kasoro. Kilichoharibika ni mahali panapouamrisha. Seli zilizokufa hazirudi, lakini zilizosalia zinaweza kujifunza kazi mpya, na hapo ndipo matibabu yote hulenga.

Mnamo 1985, Anthony Barker na wenzake huko Sheffield, Uingereza, walionyesha kwamba koili ya waya ikiwekwa juu ya kichwa na umeme mkali ukapitishwa ndani yake kwa muda mfupi mno, nguvu ya sumaku hupenya fuvu na kuzusha mkondo wa umeme katika ubongo. Vidole vya anayepimwa hushtuka vyenyewe! Hakuna kisu wala sindano. Ipo pia njia nyingine isiyotumia sumaku: sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi hufungwa kichwani na kupitishiwa umeme hafifu wa miliampia 1 au 2, kwa kawaida kwa dakika 20 hivi.

Kwa nini wataalamu walidhani hili litasaidia? Pande mbili za ubongo huzuiana, mfano wa watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, kila mmoja akiwa upande wake. Mmoja akidhoofika, mwenzake humlemea. Basi wakaonelea kwamba upande mzima ukitulizwa kwa sumaku ya polepole, pigo 1 kwa kila sekunde, ule ulioumia utapata nafasi ya kufanya kazi.

Tafiti ndogo ndogo zilitia moyo. Lakini mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha wagonjwa 199, waliokuwa wamepatwa na kiharusi kati ya miezi 3 na 12 awali. Baadhi walipewa sumaku halisi, wengine ya bandia bila kujua. Baada ya miezi 6, asilimia 67 ya kundi la kwanza walikuwa wamepata nafuu ya maana mkononi. Katika kundi la bandia, asilimia 65. Tofauti hiyo si kitu. Wote walifanyishwa mazoezi yale yale ya mkono, jambo ambalo wasifiaji wa mitambo hupenda kulipita haraka.

Mtambo wenyewe si ulaghai. Marekani iliuidhinisha mwaka 2008 kwa maradhi ya huzuni iliyokithiri. Kwa mkono uliopooza, hata hivyo, ungali jambo la utafiti, na anayekuahidi uponyaji anakudanganya.

Linganisha na jambo rahisi zaidi. Mwaka 2006, utafiti wa wagonjwa 222 ulionyesha kwamba mkono mzima ukivishwa glavu nene kwa wiki 2, muda mwingi wa mchana, huku ule dhaifu ukizoezwa kwa saa nyingi kila siku, mkono dhaifu hupata nafuu inayoonekana hata mwaka mmoja baadaye. Hii huwafaa wale ambao tayari wanaweza kukunjua kifundo na vidole japo kidogo, nayo huhitaji usimamizi wa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwani mgonjwa aliyefungwa mkono mzima aweza kuanguka.

Ukialikwa kushiriki katika utafiti wa sumaku, mweleze daktari ikiwa mgonjwa aliwahi kushikwa na kifafa, ana chuma kichwani au kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo. Maumivu ya kichwa ni ya kawaida. Kifafa hutokea kwa nadra.

Na wale wanaounganisha betri na nyaya nyumbani ili kujitibu, waache. Umeme huo huchoma ngozi, na ubongo ulioumia haufai kufanyiwa majaribio sebuleni.